Riva del Garda hadi Ledro kwa baiskeli: nitaweza?

Gurudumu: Wakuu, mwezi ujao niko Riva del Garda, Italia, siku mbili. Natafuta mzunguko wa baiskeli ya milimani wenye ziwa, vilima na vijiji vya kale. Mapafu yangu ni ya mtu wa ofisini.

CheniKavu: Panda Ponale kuelekea Ziwa Ledro, mkuu. Ni barabara ya 1851 iliyochongwa mwambani, magari hayaingii. Ukitoka kwenye handaki, ziwa zima liko chini ya kanyagio lako. Ziwa Garda, hapo Riva, liko mita 65 juu ya bahari, Ledro mita 655, basi jasho lihesabu mwenyewe. Mimi nilianza saa nne, kosa kubwa: watembea kwa miguu tele, kila kona kengele na "scusi" (samahani). Toka alfajiri. Kijiji cha Molina di Ledro, kando ya ziwa, simama uone nguzo za makazi ya Enzi ya Shaba.

Kibonde: Siku ya pili nenda Canale di Tenno, kijiji cha kale. Vichochoro vya mawe, hapo shuka usukume tu.

Gurudumu: Na kurudi Riva?

CheniKavu: Ponale hiyohiyo. Changarawe inateleza, breki zangu zilinuka hadi chini. Badilisha pedi za breki kabla hujasafiri.