"Run" ina maana ngapi jamani?

Wakuu, najifunza Kiingereza mwenyewe na hili neno "run" linanichosha. Mtu anakimbia, mto unatiririka, nguo inachuja rangi, makamasi yanatoka, mwanasiasa anagombea: kote "run"! Nikariri zote?

Jibu: Usithubutu, utazeeka. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipata maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Katika toleo la 1989 bingwa alikuwa "set", maana 430. Wewe angalia kinachofuata: "run out" ni kuishiwa, "run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga kitu. Jifunze vipande hivyo vizima vizima.

Jibu: Naongezea. Nyingi zinatoka kwenye wazo moja, mwendo usiokatika. Ndiyo maana injini, mto na hata tamthilia inayoendelea kuonyeshwa vyote vina-"run". Ila "get" msiniulize.

Jibu: Mkuu unalalamika na "piga" unayo? Piga simu, pasi, picha, kura, mswaki, kambi. Wanaojifunza Kiswahili nao wanalia huko.

Muuliza swali: Hahaa, hapo umenikamata. Haya, "run over" je? Nimeikuta kwa gari na kwa kikao kilichopitiliza muda.