Watu wa Mkomani (kundi la familia): Swaleh ataka kupanda mlima usiku

*Swaleh:* Asalam aleikum. Mushaamka? Huku ni saa nne usiku, niko Mizpah, kibanda cha wapanda milima hapa New Hampshire, Marekani, wenzangu wawili wataka tutoke saa sita hii tukalione jua likichomoza juu ya Mount Washington na mimi miguu yaniwasha kwenda

*Mwanaisha:* Wa aleikum salam, ndo twatoka kuswali. Usiku?? mutembee usiku kama wevi 😂

*Swaleh:* wengi hupenda dada, joto la Agosti halipo. Na njia ina alama, rangi nyeupe kwenye miti, upana vidole vitatu hivi, ukiona mbili moja juu ya nyengine jua kuna kona. Toka Georgia nafuata hizo hizo za Appalachian Trail, karibu kilomita 3,000 mpaka hapa, hazichezi

*Ami Athman:* Hali ya hewa yasemaje

*Swaleh:* radi asubuhi. Na upepo kidogo

*Ami Athman:* Kidogo ndo ngapi

*Swaleh:* kilomita 80 kwa saa huko juu 🙈 na ukungu. Radi toka saa kumi na mbili

*Shee:* 80 si kusi tu hiyo

*Ami Athman:* Kusi waiona ukiwa barazani na kikoi. Mlima huo walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa mwaka 1934, nimesoma sasa hivi, na urefu wake hata mita 2,000 haufiki

*Swaleh:* kweli ami, 1,917

*Khalati Zuhura:* Swaleh umevaa nini

*Swaleh:* ile tisheti ya Maulidi mlonitumia khalati, na koti la mvua juu

*Khalati Zuhura:* Ya pamba ile! Vua. Pamba ikilowa haikauki, yakunyonya joto. Mwili ukishuka chini ya digrii 35 mtu hutetemeka, akaanza kuongea kama mlevi, mwisho hata kutetemeka huacha na mwenyewe akwambia yuko sawa. Na si lazima theluji, mvua na upepo vyatosha kabisa

*Ami Athman:* Miti yafika wapi?

*Swaleh:* yaisha hapo mbele kidogo, kisha ni mawe tu, alama ni marundo ya mawe mpaka kibanda chengine, kama kilomita 8

*Ami Athman:* Kwenye ukungu tochi ya kichwani yakurudishia mwanga machoni, waona weupe mtupu. Sisi dauni huishika chini kiunoni. Lakini radi haina ujanja wa tochi, pahali hapana mti wewe ndo mlingoti

*Swaleh:* wao wasema tutaiwahi

*Ami Athman:* Mawe yamelowa, usiku, na mizigo. Mwaenda ngapi kwa saa?

*Swaleh:* kilomita moja na nusu hivi

*Ami Athman:* Haya piga hesabu

*Swaleh:* ...saa kumi na moja na ushei ndo twafika kibandani. Kilele bado kilomita mbili na kitu

*Mwanaisha:* yaani jua likitoka nanyi muko juu na radi 🤦🏽‍♀️

*Shee:* Bibi yuko hapa asema ule ulale

*Swaleh:* nimewaambia siendi, tutaangalia mchana ikishapita. Mmoja kalala zake, mwengine kanuna hataki hata kuniangalia

*Shee:* Bibi auliza huyo alonuna ni mtoto wa nani