Ziara ya usiku ya pikipiki kula chakula cha mitaani Saigon: tujipange vipi?

Pembe_ya_Ramani

Wakuu, salaam. Mwezi wa kumi tutakuwa Saigon, watu wawili, na usiku mmoja tunataka tupakiwe pikipiki na waongozaji wa mji watuzungushe kwenye vibanda vya chakula. Matangazo ni mengi na yote yanafanana: vituo vitano, "chakula cha wenyeji", basi. Nashindwa kupambanua njia yenye maana na ile ya kuzungushwa mitaa ya watalii tu. Mwenzangu ni Mwislamu, hali nguruwe, na mimi nina aleji ya karanga. Kuna pia suala la barabara zao na la tumbo. Anayeujua mji ule atupe undani, hata maelezo yakiwa marefu.

Karai_la_Moto

Mkuu, Saigon unafaa sana kwa pikipiki kwa sababu vyakula vyake vimetawanyika. Kila eneo lina chakula chake na umbali wa kutoka moja hadi jingine ni mrefu kwa miguu, ila kwa pikipiki ni dakika kumi na kitu. Utasikia watu wakitaja Quận 1, Quận 4 na kadhalika. Kiserikali wilaya hizo zilifutwa tarehe 1 Julai 2025, lakini madereva na wauzaji bado wanazitumia kila siku, kwa hiyo nami nitazitumia.

Njia nzuri huanzia Quận 1 au 3, ikapanda Quận 10, ikapita Chợ Lớn, yaani mji wa Wachina ulio Quận 5, kisha ikamalizia Quận 4. Kampuni ikikupa ratiba ambayo nusu yake ni picha mbele ya majengo ya Quận 1 na mtaa wa Bùi Viện, ule wa baa za watalii, achana nayo. Waombe majina ya mitaa na ya vyakula kwa maandishi. Anayeijua kazi yake anakujibu mara moja.

Quận 10 nenda Hồ Thị Kỷ. Ni soko la jumla la maua linalofanya kazi usiku kucha, na vichochoro vya pembeni vimejaa chakula, kikiwemo cha Wavietnamu waliorudi kutoka Kambodia. Tafuta bún num bo chóc, tambi za mchele zenye supu ya samaki, na chè, yaani kitamu, ya boga.

Kitu kingine cha kukipa muda ni bánh tráng nướng. Muuza anaweka karatasi kavu ya unga wa mchele juu ya mkaa, anapasua yai la kware na kulipaka lote kwa kijiko pamoja na majani ya kitunguu na uduvi mkavu, huku akiizungusha kwa koleo bila kuiacha itulie. Asipoizungusha, ukingo unaungua wakati yai la katikati bado bichi. Akishaikunja, uile papo hapo. Ukiibeba hadi kituo kinachofuata imeshakuwa ngumu kama ngozi na utamu umepotea. Ndiyo maana kituo hiki kisiwe cha "kufungiwa".

Mwisho ni Vĩnh Khánh, Quận 4, mtaa wa konokono na samakigamba. Viti vidogo vya plastiki, mkaa kando ya njia, na vijana wanaopita meza kwa meza wakiimba au kupuliza moto kinywani ili wapate chochote. Agiza sahani ndogo tatu tofauti badala ya moja kubwa: nghêu hấp sả (kome wa kuchemsha na mchaichai), sò điệp nướng (kombe za kuchoma) na ốc len xào dừa, konokono wadogo kwenye tui la nazi. Hao wa tui mkia wao umekatwa, kwa hiyo unafyonza mara moja upande wa mkia, halafu mdomoni. Ukianza na mdomo nyama haitoki, na wengi hudhani konokono ni mbovu. Hilo la kombe usiliagize wewe mwenye aleji, kwa kuwa hunyunyiziwa karanga za kusaga.

Kosa linaloharibu usiku mzima ni kushiba mapema. Kituo cha kwanza kikiwa cha supu ya tambi, gawaneni bakuli moja. Bakuli la bún bò Huế ni mlo kamili, na ukilimaliza peke yako, Vĩnh Khánh utaenda kutazama tu.

Rehani_Kijani

Dada au kaka, la nguruwe lisichukuliwe kirahisi. Kumwambia mwongozaji "hatuli nguruwe" kunaondoa vipande vya nyama tu. Supu ya tambi za hủ tiếu hupikwa kwa mifupa ya nguruwe. Bún bò Huế, japo jina lake ni la ng'ombe, kwa kawaida ina miguu ya nguruwe na mara nyingi damu iliyogandishwa. Bánh xèo, chapati nyembamba ya kukaanga, hujazwa nguruwe na kamba. Bánh mì, mkate wa kujazwa, hupakwa maini ya nguruwe yaliyosagwa, hata ile iliyoandikwa kuku. Na kule kwa konokono kuna mỡ hành, majani ya kitunguu yaliyochovywa kwenye mafuta ya moto. Mafuta hayo yanaweza kuwa ya nguruwe, na wengine huongeza tóp mỡ, vipande vya mafuta vilivyokaangwa vikakauka. Muuzaji aambiwe atumie dầu, mafuta ya mimea, au aache kabisa.

Kwa hiyo mwambie mwenye ziara hivi: không thịt heo (bila nyama ya nguruwe), không mỡ heo (bila mafuta ya nguruwe), na supu isiwe ya mifupa ya nguruwe. Akisema "hakuna shida" bila kubadilisha kituo hata kimoja, hajaelewa. Ratiba ya mtu asiyekula nguruwe lazima iwe tofauti: vyakula vya bahari, viazi vitamu na mahindi ya kuchoma, vitamu vya chè, na kituo kimoja cha chay. Chay ni mapishi ya Kibudha yasiyo na nyama wala mchuzi wa samaki. Siku ya 1 na ya 15 ya kila mwezi wa kalenda ya mwandamo Wavietnamu wengi hula chay, na vibanda vyake huongezeka.

Ikiwa mwenzako anataka nyama ya kuchinjwa kiislamu, hiyo haipatikani kwenye vibanda vya kawaida, hata ya ng'ombe. Kuna migahawa ya halali kuzunguka mtaa wa Nguyễn An Ninh, karibu na soko la Bến Thành, na karibu na msikiti wa mtaa wa Đông Du uliojengwa mwaka 1935, vyote Quận 1. Kituo cha kwanza kinaweza kuwa hapo, mkala nyama, kisha pikipiki zikaendelea na vya bahari. Kuhusu kaa na konokono, mwenzako anajua msimamo wa madhehebu yake.

Sasa karanga, na hili ndilo la hatari zaidi. Saigon karanga za kusagwa zinamwagwa juu ya kila kitu mwishoni: bò lá lốt (nyama ya ng'ombe iliyofungwa kwenye majani), bún thịt nướng (tambi na nyama ya kuchoma), kombe za kuchoma, hata sosi ya gỏi cuốn (sambusa mbichi za karatasi ya mchele) ina karanga ndani. Kuziondoa kwa kijiko hakusaidii. Koleo, karai na kijiko vinatumika kwa sahani zote. Andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa TÔI DỊ ỨNG ĐẬU PHỘNG (nina aleji ya karanga) na uioneshe wewe mwenyewe kwa mpishi, si kwa mhudumu. Ukienda Hanoi andika LẠC, maana kaskazini karanga huitwa hivyo. Kama umeandikiwa sindano ya adrenalini, uibebe wewe mwenyewe, isikae kwenye begi lililo kwenye pikipiki nyingine, na mwongozaji aoneshwe ilipo kabla ya kuondoka. Kama aleji yako ni kali kiasi cha kukubana pumzi, ushauri wangu ni kuacha vibanda kabisa, maana hata vya kuchoma vinatumia koleo lile lile.

Abiria_wa_Nyuma

Nizungumzie pikipiki.

Pandia kushoto, shukia kushoto. Ekzosi iko kulia, na baada ya dakika kumi za foleni inaweza kukubabua shavu la mguu ukiigusa tu. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala barafu. Kabla ya kukaa, hakikisha vikanyagio vya abiria vimefunguliwa, kisha miguu ibaki hapo hata mkisimama kwenye taa. Anayejaribu kumsaidia dereva kwa kushusha mguu ndiye anayemyumbisha. Magoti yabane ndani, kwani pikipiki zinapita kwa upana wa kiganja.

Kofia ngumu ni lazima kwa dereva na abiria tangu Desemba 2007. Zile nyepesi za bei ya chee zisizo na kitu ndani ni pambo. Tafuta alama ya CR na maandishi QCVN 2, na kamba ya kidevu iache nafasi ya vidole viwili tu. Mwenye nywele nene za kusuka au hijabu ya tabaka nyingi aiambie kampuni mapema imletee saizi kubwa. Kofia iliyokalia nywele juu juu huruka kichwani kwa pigo la kwanza.

Mwavuli hauruhusiwi kwenye pikipiki inayotembea. Abiria wawili watu wazima nyuma ya dereva mmoja pia hawaruhusiwi, kwa hiyo nyinyi wawili ni pikipiki mbili.

Pombe: tangu tarehe 1 Januari 2020 kiwango kinachoruhusiwa kwa dereva ni sifuri. Dereva akigonga glasi na wageni Vĩnh Khánh, rudini kwa teksi. Hilo halina mjadala.

Simu ndiyo kitu kinachoibwa zaidi, inakwapuliwa mkononi na pikipiki inayopita. Picha pigeni mkiwa mmekaa mezani, si mkiwa mnasubiri pembeni ya barabara. Begi dogo likae kati yako na mgongo wa dereva.

Na soma bima yako ya safari kabla hujalipa. Nyingi zina kipengele cha pikipiki, na nyingine hazimlipi hata abiria. Kukodi na kujiendesha wenyewe sishauri: leseni ya kimataifa inayotambuliwa kule ni ya mkataba wa Vienna wa 1968. Ile ya 1949 haitambuliwi, na bima huitumia sababu hiyo kukataa madai.

Pembe_ya_Ramani

Shukrani sana, hasa kwa habari ya mỡ hành, hilo halikuwa kichwani kabisa. Sasa tumbo: barafu, majani mabichi, na lile yai la bata lenye kinda tunalolisikia. Je, Hanoi tufanye hivyo hivyo?

Karai_la_Moto

Barafu ya vipande vya mviringo vyenye tundu katikati hutoka kiwandani, haina shida kubwa. Iogope ile inayopasuliwa kutoka kwenye bonge. Majani mabichi ni sehemu ya chakula chao na ukiyaacha ladha inapungua nusu. Mwenye tumbo jepesi aanze na yale yanayozama kwenye supu ya moto.

Ninachokitilia shaka zaidi ni mayai mabichi na maini ya kusaga kwenye bánh mì yaliyokaa nje tangu asubuhi. Mei 2024, Long Khánh mkoani Đồng Nai, zaidi ya watu 500 waliugua baada ya kula bánh mì. Usiku chagua kibanda chenye foleni, na uombe bila sosi ya mayai. Sò huyết nayo, samakigamba wadogo wenye damu, huletwa nusu mbichi kwa makusudi. Waambie waiivishe hadi magamba yafunguke kabisa.

Hột vịt lộn ni yai la bata lenye kinda, huatamishwa takriban siku 17 hadi 21 kisha huchemshwa. Huwekwa kwenye kikombe kidogo, upande mpana juu. Gonga juu kwa kijiko, toboa, kunywa mchuzi kwanza. Halafu chumvi, pilipili manga na ndimu, majani ya rau răm, na unalichota likiwa moto. Ile sehemu nyeupe ngumu huachwa. Likipoa linanuka, kwa hiyo usiliagize kisha ukaanza kupiga picha.

Mezani, taulo za maji kwenye vifuko na vikaranga vya kutafuna si bure, ukifungua unalipa. Noti za 20,000 na 500,000 zote ni za bluu, zitenganishe mapema mifukoni.

Hanoi sishauri pikipiki kwa chakula. Mitaa ya kale ni myembamba na kila kitu kipo karibu kwa miguu, na kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku eneo la ziwa Hoàn Kiếm hufungwa kwa magari na pikipiki. Bún chả yenyewe, tambi na nguruwe wa kuchoma, ni ya mchana.

Abiria_wa_Nyuma

Kwa Oktoba ongeza hili. Mvua ya kusini hupiga alasiri na jioni, kali lakini fupi, kwa hiyo mwanzo wa saa 12:30 ni bora kuliko saa 11. Maji ya bamvua hupanda karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mitaa ya chini ya Quận 4 inaweza kujaa. Siku hizo waombe wabadilishe kituo cha mwisho. Koti la mvua likunjwe chini ya mapaja, lisining'inie kwenye gurudumu la nyuma. Na ulizia kwa maandishi: mvua isipokatika, wanarudisha pesa, wanahamisha siku, au wanawapeleka kwa gari?