Muhogo: Namikonga na Albert zikitofautiana kimetaboliki (kemikali za ndani ya mmea), ndio ukinzani wenyewe?

pipeti_baridi:
Wakuu, heshima kwenu. Nalinganisha majani ya Namikonga, mbegu ya muhogo inayovumilia ugonjwa wa virusi wa michirizi ya kahawia, na ya Albert, inayoshambuliwa vibaya, kwa kromatografia ya kimiminika na spektrometa ya masi (mashine za kutenganisha na kupima kemikali). Virusi naviingiza kwa kubebesha, yaani kuunganisha kwenye mche, kikonyo (kipande cha shina) chenye ugonjwa. Fenoli (kemikali za kujikinga za mmea) zimepanda kwa mbegu zote mbili, na linamarini (kemikali ya muhogo inayotoa sianidi) inayumba hata ndani ya mbegu moja. Nirekebishe wapi?

shina_mama:
Fenoli hizo huenda ni za kidonda. Mmea uliokatwa hutengeneza fenoli hata bila virusi, kwa hiyo mche usioguswa haufai kuwa kipimo. Weka kundi lililobebeshwa kikonyo kisicho na virusi, cha mbegu ileile, siku ileile. Halafu dalili huanzia majani ya chini yaliyokomaa. Ukichuma la juu leo na la chini kesho, unapima umri wa jani. Hesabu kutoka kileleni, chuma jani la namba ileile kwa miche yote, saa ileile.

naitrojeni:
Mkuu, kwenye linamarini angalia baridi. Imefungiwa kwenye vakuoli (kifuko ndani ya seli), na kimeng'enya linamarase kiko kwenye ukuta wa seli. Jani likiyeyuka vinakutana, linamarini inavunjika na sianidi inatoka. Litumbukize kwenye naitrojeni kimiminika palepale shambani, lisage likiwa limeganda, kinu na kijiko vikiwa vimepoozwa. Pima mg 100, mimina ml 1 ya methanoli baridi ya asilimia 80 haraka. Unga mzuri humwagika kama vumbi. Ukianza kushika kuta za tyubu na kuiva rangi, tupa. Mashineni pitisha sampuli kwa kura, na kila baada ya 8 weka mchanganyiko wa sampuli zote. Kilele cha grafu (alama ya kemikali moja) kinachoyumba zaidi ya asilimia 30 ndani ya mchanganyiko huo kiondoe.

ndugu_wa_F1:
Hayo yote sawa, ila mbegu mbili hutofautiana kwa mambo chungu nzima yasiyohusu ugonjwa. Tafuta watoto wa Namikonga na Albert, wapime virusi kwa RT-qPCR (kipimo cha wingi wa virusi), uone metaboliti (kemikali ya mmea) ipi inafuatana na uchache wa virusi kwa ndugu hao. Chukua na sampuli za kabla ya kubebesha: metaboliti iliyokuwa juu tangu siku ya 0 yaweza kuwa kinga, ila inayopanda dalili zikishatoka mara nyingi ni athari tu ya ugonjwa. Mizizi nayo ikatwe ikaguliwe, maana huweza kuoza ndani huku majani yakionekana safi.