Mteja anadai msimbo wote, yaani maandishi yanayounda programu, na hajamaliza kunilipa. Msimbo ni wa nani?

FundiWaKisauni:
Assalamu alaykum wadau. Mimi hutengeneza programu hapa Mombasa, peke yangu, sina kampuni. Machi mwaka jana shule moja ya binafsi ilinipa kazi ya mfumo wa karo: mzazi analipa kwa M-Pesa, risiti inatoka, mhasibu anaona nani bado anadaiwa. Tulipatana shilingi 180,000, nimepokea 95,000. Mkataba ni ukurasa mmoja, una bei na tarehe tu. Hakimiliki haikutajwa.

Sasa amekuja meneja mpya na fundi wake. Anataka msimbo chanzo wote na nywila za seva. Nimemwambia nimeuandika mwenyewe, usiku, kwa kompyuta yangu, basi ni wangu mpaka anilipe. Linaloniuma zaidi ni ile sehemu inayopokea ujumbe wa M-Pesa na kuulinganisha na jina la mwanafunzi. Hiyo sikuwaandikia wao. Niliianza 2021, na wateja wangu wengine watatu wanaitumia. Nikiikabidhi, nitaweza kuitumia tena?

Juma_K:
Kaka, funga mfumo. Wakikaa wiki bila kuona karo watalipa.

BiWakili:
Ndugu yangu, usithubutu. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandao inafanya kuingilia mfumo bila idhini kuwa kosa la jinai. Leo wewe ndiye unayedai, kesho utakuwa mshtakiwa.

Kuhusu hakimiliki, vijana wengi wamesoma ushauri wa Marekani. Kule mtu wa kandarasi kwa kawaida hubaki na haki yake mpaka asaini kuihamisha. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba mchongaji James Earl Reid hakuwa mwajiriwa wa shirika lililomwagiza sanamu, kwa hiyo kule kuagiza peke yake hakukulifanya shirika kuwa mwenye kazi. Kenya ni kinyume. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamishiwa aliyeiagiza, ila kama mlikubaliana vingine. Na programu ya kompyuta inahesabiwa humo. Mkataba wako uliponyamaza, uliwapa wao nguvu.

Deni lako lidai kama deni. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Ile sehemu ya 2021 hawakuiagiza wao, hiyo itetee.

FundiWaKisauni:
Shukrani dada, ingawa imenichoma. Nitathibitishaje kuwa ni ya 2021?

MzeeWaSeva:
Mwanangu, historia ya GitHub, ile tovuti tunakohifadhi msimbo, ina tarehe. Toa orodha ya mafaili yaliyokuwepo kabla ya Machi, uyatenge kwenye folda yake, kisha waandikie leseni: watumie shuleni kwao bila kikomo, wasiuze, wasimpe mtu mwingine. Nami nilipoteza kazi ya miezi saba kwa mteja wa Nakuru kwa sababu sikutenganisha changu na chake. Tangu hapo kila mkataba wangu una sentensi mbili: hakimiliki inahamia kwa mteja siku ya malipo ya mwisho, na vipande nilivyokuja navyo vinabaki vyangu. Wateja hawajawahi kuzikataa.

FundiWaKisauni:
Nimekesha nikipekua. Faili la kwanza ni la Agosti 2021, na jumla ni mafaili 14. Mengine yote, nikisema haki, ni yao. Hesabu za madeni ya muhula nilifundishwa na mhasibu wao, mama aliyekaa nami siku tatu na daftari lake, akinionyesha watoto wa ndugu wanavyopunguziwa karo. Singeyajua hayo mwenyewe.

Meneja amekubali tuonane Alhamisi. Naenda na karatasi mbili, ankara ya 85,000 na leseni ya yale mafaili 14. Nywila nitawapa siku hiyo hiyo, seva wanailipia wao.