Wasichana wanne kwenye seti, lakini kamera imeshikwa na nani?

Wadau, kuna jambo limetugawanya darasani hapa Nairobi na naomba tulijadili kwa hoja. Chuo tunachosomea filamu kinapendekeza kwamba kuanzia muhula ujao, kikundi chochote kitakachokuwa na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja kisipewe vifaa vya kupigia filamu fupi ya kumaliza masomo. Mkenya yeyote anajua hesabu hiyo imetoka wapi: Katiba ya 2010, ibara ya 27(8), inayotaka vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Ni ile ile iliyomfanya Jaji Mkuu David Maraga, Septemba 2020, amshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kuitungia sheria.

Mimi ni msichana na naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Ila nasema kanuni hii inahesabu vichwa, na shida yetu haiko kwenye vichwa.

Muhula uliopita nilikuwa mtayarishaji wa filamu ya dakika kumi na mbili. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wanne wasichana. Kwa kanuni hii tungepita bila swali. Sasa tazameni tulikokuwa: mmoja vipodozi, mmoja mavazi, mmoja mwendelezo (kuandika kila kitu kilivyokaa ili picha zifuatane bila kupishana), na mimi na daftari langu la matumizi. Uongozaji, kamera, taa na sauti, wavulana watupu. Hakuna aliyekaa akapanga kututenga. Tuliulizana tu, "Nani anaijua kamera?", na mikono iliyoinuka ni ile ile iliyoinuka mwaka wa kwanza.

Siku ya pili msaidizi wa kamera alikwama kwenye foleni ya magari. Nikamwomba dada wa mwendelezo ashike fokasi, yaani arekebishe lenzi ili mwigizaji aonekane wazi anapotembea. Alipiga magoti, akabandika vipande vya tepu sakafuni pale mwigizaji atakaposimama, akapima kwa futi kutoka kwenye kamera hadi kila kipande, kisha akaandika alama kwa penseli kwenye kile kisahani cheupe cha fokasi. Mwigizaji alitakiwa atoke mlangoni hadi kwenye jiko. Mara ya kwanza picha ilififia, ya pili ikakaribia, ya tatu macho ya mwigizaji yakatulia safi mpaka mwisho. Picha hiyo ndiyo iliyoingia kwenye filamu. Saa tisa kijana alifika, na yule dada akasimama akarudi kwenye karatasi zake za mwendelezo bila kuambiwa na mtu. Nami nikanyamaza. Linaniuma hadi leo, kwa sababu mtayarishaji nilikuwa mimi.

Wanaopinga wanasema kazi wapewe wenye uwezo. Sawa, lakini uwezo huo unapatikana wapi? Chuoni ndipo mahali pekee ambapo kuharibu picha hakumgharimu mtu kibarua. Ukishatoka nje, mtayarishaji anataka kuona picha ulizopiga, na aliyefanya vipodozi miaka mitatu hana ya kumwonyesha. Na si kwetu tu. Tuzo za Oscar zilianza kutolewa 1929, lakini mwanamke wa kwanza kuteuliwa kwa upigaji picha, Rachel Morrison, alipatikana mwaka 2018. Hamwezi kuniambia kwamba miaka yote hiyo hapakuwa na mwanamke mwenye jicho la picha.

Wapo wanaosema vifaa ni vizito mno kwa msichana. Hoja hiyo sitaipa muda mrefu. Kamera tunazotumia, na lenzi yake, hazifiki kilo tatu. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na sote tunajua nani huubeba.

Hoja iliyonigusa ilitoka kwa msichana mwenzangu. Darasa lina wanafunzi 26, wasichana saba. Tukipiga filamu sita za watu kumi na mmoja, kila moja ikitaka wasichana wanne, hizo ni nafasi 24 kwa watu saba. Kila mmoja wetu atafanya filamu tatu hadi nne, huku mvulana akifanya mbili hivi. "Nitachoka kwa filamu za wenzangu," alisema, "halafu yangu nitaiandika lini?" Ana haki. Tukienda hivyo, kanuni ya kutuinua itakuwa mzigo mgongoni mwetu.

Ndiyo maana napendekeza badala ya vichwa tuhesabu viti, yaani nani anashika kazi gani. Sweden ilifanya karibu na hivyo: mkataba wao wa filamu ulioanza 2013 ulilenga fedha za utayarishaji zigawanywe sawa kati ya wanawake na wanaume katika nafasi tatu, yaani uongozaji, uandishi na utayarishaji. Sisi tuseme kila filamu iwe na msichana anayeshika kazi yenyewe kwenye kamera, sauti au taa, na asilazimishwe kuingia zaidi ya filamu mbili. Nafasi zinazobaki zijazwe na wa mwaka wa kwanza na wa pili. Na mvulana anayependa mavazi apewe mavazi. Tunaye mmoja anayeshona vizuri sana, na hajawahi kuulizwa.

Halafu nauli. Wasichana wawili walikataa kupiga nasi usiku wakaitwa wavivu, kumbe walikuwa wanawaza kusimama kwenye steji ya matatu peke yao saa tano. Pesa ya kumrudisha kila mtu nyumbani iandikwe kwenye bajeti kabla ya kukodi hata lenzi moja.

Swali langu ni kwa mliowahi kusimamia seti, dada na kaka. Saa tisa ile, kijana mwenye nafasi yake amefika, naye yule dada ameshaanza kuipata fokasi, na jua linakimbia. Mngefanyaje?