Minada ya mtandaoni: ficheni jina la mtu, msitufichie madau hewa!

Wakuu mtanisamehe uzi ni mrefu ila nimechoka kabisa na madau hewa, yaani madau ya mtu asiye na nia ya kununua, anampandishia tu muuzaji bei. Siku ya tisa leo nabishana na huduma kwa wateja wa mtandao mmoja wa minada (siutaji, na tafadhali msianze kubahatisha kwenye komenti) na kila nikiuliza jibu ni lile lile, "hatuwezi kutoa taarifa za mtumiaji mwingine kwa sababu za faragha". Sijaomba jina la mtu mimi! Sijaomba namba ya simu, sijaomba anakaa wapi. Nimeuliza swali moja tu na ntalifikia.

Ilikuwa hivi. Kuna lenzi ya kamera, ya zamani, zile za kuzungusha pete kwa mkono mpaka picha itulie, nimeitafuta karibu mwaka mzima. Nikaiona, nikaweka dau la kiotomatiki. Kwa ambao hawajawahi, unauambia mfumo mwisho wangu ni hapa, halafu wenyewe unakupandishia kidogo kidogo pale tu mtu anapokuzidi, na ule mwisho wako hatakiwi kuujua mtu yeyote, muuzaji ndo kabisaa. Mpaka siku ya kufunga nilikuwa naongoza kwa bei ya kawaida tu.

Imebaki kama saa moja na nusu akaingia "Mshiriki 4" (mtandao huu hauonyeshi majina, unampa kila mtu namba). Akaweka dau, mfumo ukamzidi. Sekunde kumi na mbili baadaye akaweka tena. Sekunde kumi, tena. Mara nane mfululizo, vihatua vidogo vidogo kama mtu anayepapasa ukuta gizani anatafuta swichi. Mara ya tisa akarusha dau kubwa akanipita, maana yake ashajua mwisho wangu uko wapi. Dakika tatu nyingi dau hilo likafutwa, sababu imeandikwa "nimekosea kuandika kiasi". Akarudi na dau lingine, hatua moja tu chini ya mwisho wangu, akatulia. Hakugusa tena mpaka mnada unafungwa. Nikashinda, kwa bei yangu ya mwisho kabisa, wakati nusu saa kabla hajaja ilikuwa chini sana ya hapo.

Nikaenda kufukunyua minada mingine ya muuzaji huyo huyo iliyokwisha. Sita. Kwenye minne kuna mtu anaingia mwishoni, anapapasa, anafuta dau, anaweka jingine chini kidogo, anapotea na hajawahi kushinda hata kimoja. Huku anaitwa Mshiriki 2, kule Mshiriki 7, kwingine Mshiriki 3, kwa sababu mtandao wao unagawa namba upya kila mnada! Kwa hiyo anaweza kuwa mtu mmoja, anaweza kuwa wanne, na mimi sina njia yoyote ya kujua. Swali langu ndo hilo: je Mshiriki 4 wa kwangu na hao wengine ni akaunti moja, ndiyo au hapana? Wamekataa kujibu. Eti faragha.

Sasa kabla hamjanirukia, mimi napenda majina yafichwe na nina sababu. Zamani nilikuwa natumia mtandao ambao majina ya akaunti yalikuwa wazi, nikashindwa mnada mmoja, kesho yake naletewa barua pepe, mtu anajifanya ndo muuzaji, eti mshindi kaingia mitini, wewe ndo wa pili, tuma hela moja kwa moja tumalizane. Nilibakiza kubonyeza tu. Walipata jina langu kwenye orodha ya madau, basi. Utapeli huo ndo uliofanya hata eBay, mtandao mkubwa wa minada wa Marekani, waanze kuficha majina kwenye miaka ya 2006 na 2007, na walikuwa sahihi. Halafu kuna wanaojua vitu kweli, wakusanyaji, jina lao likionekana tu kwenye mnada watu wote wanawafuata na kuwapandishia. Nao wana haki ya kununua kimya kimya.

Ila kuficha jina na kuficha tabia ni vitu viwili tofauti jamani. Huyo eBay alivyoficha alibakiza herufi mbili za jina na nyota katikati, idadi ya maoni aliyopewa huyo mtu, na asilimia ya madau yake yaliyoenda kwa muuzaji huyo mmoja. Ukiona mtu karibu madau yake yote ni kwa muuzaji mmoja na hashindi, unajiondokea. Humjui ni nani lakini umeshajua anafanya nini.

Na msiniambie nawaza mabaya. Mwaka 2000 huko huko eBay kuna mchoro watu walidhani ni wa Richard Diebenkorn, mchoraji maarufu wa Marekani, dau likapanda mpaka dola 135,805, kumbe muuzaji ameweka dau kwenye mchoro wake mwenyewe kwa akaunti nyingine. Mnada ukafutwa, na uchunguzi ukaja kukuta genge lenye akaunti zaidi ya 40 wanapandishiana. Uingereza mwaka 2010 muuzaji mmoja alipigwa faini ya pauni 5,000 mahakamani kwa mchezo huo huo. Ni kosa, sio ujanja wa biashara.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wao wanaona kila kitu. Wanajua kifaa, wanajua intaneti gani, wanajua kadi ya malipo. Aliyefunikwa macho ni mimi ninayelipa. Na kamisheni yao ni asilimia ya bei ya mwisho, kwa hiyo dau hewa likinipandisha mimi, na wao wamepanda.

Nilichowaandikia wala sio kigumu. Kila akaunti iwe na jina moja la kificho lisilobadilika kwa muuzaji huyo huyo. Wekeni mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa. Madau yaliyofutwa yabaki yanaonekana na sababu yake, na mtu akifuta dau asiruhusiwe kurudi chini yake kwenye mnada ule ule, hili peke yake lingeniokoa mimi. Wakanijibu sheria za data haziruhusu. Hata GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data za watu, iliyoanza kutumika Mei 2018 inataja majina ya kificho kama njia mojawapo ya kumlinda mtu, sasa sheria gani hiyo inakataza?

Mwenye historia ya madau yenye mtindo huu wa kupapasa, kufuta, kurudi chini, naomba aweke skrinishoti hapa, fichieni majina ya watu, nataka muda na hatua tu. Malalamiko yangu jana waliyafunga wakaandika "yametatuliwa". Leo asubuhi nimeyafungua tena.